Kadi Ishirini na Saba Bila Bahasha

Mimi hakuna jambo la kunishtua. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijitapa pale Changamwe miaka yote, barazani, harusini, hata matangani kwa watu. Nimeuza maji kwa mkokoteni, nimelala chini ya mkokoteni huo huo, nimeibiwa, nimefilisika, nimeinuka tena. Ningeshtushwa na nini?

Basi leo nakiri mbele yenu. Nilishtuka! Tena nilishtushwa na mkono wangu mwenyewe.

Nimekosa, ndugu zangu. Nilimharibia maisha mtu ambaye hakunitenda lolote, na siku nilipokuwa nikifanya hivyo nilikuwa nacheka.

Mhariri ana jina langu na sanduku langu la posta, na ameniahidi kwamba hayo hayatatoka mezani kwake. Mkifika mwisho mtajua kwa nini ahadi hiyo ilinifanya nikae na barua hii wiki tatu kabla ya kuitia posta. Majina ya watu humu nimeyabadili yote. Hilo angalau nimejifunza.

Nilizaliwa Mtongwe, huko Likoni. Shule niliiacha darasa la nne, baba alipofariki. Sioni haya kulisema. Waliomaliza shule, wengi wao walikuja kupanga vyumba kwangu! Nilianza na mkokoteni mmoja wa maji ya madebe, nikawa na kumi na moja. Mifereji ya Changamwe ilipokauka mimi nilinona. Nikajenga vyumba sita vya mawe upande wa Magongo, mabati mapya, milango ya mninga. Mwanamume mimi!

Katika wapangaji wangu alikuwamo kijana mmoja mwalimu, nitamwita Zuberi. Amesoma, ana vyeti vyake kwenye bahasha ya kaki, lakini kazi ya serikali hajapata. Kodi ya miezi mitatu hajalipa. Jioni moja namwendea kumfukuza, namkuta barazani amezungukwa na watoto wa jirani kama kumi na watano, anawafundisha hesabu. Ubao wake ni kipande cha plaiwudi alichokipaka masizi.

Nikasimama nikatazama. Mimi shule sina, lakini pesa naijua ikiwa bado haijazaliwa.

Nikamwambia, "Mwalimu, kodi sitaki. Nipe kichwa chako."

Ndipo ilipozaliwa tuisheni yangu. Mimi nilitoa vyumba viwili, mabenchi, mbao za kuandikia na chaki. Yeye alitoa elimu. Siku zile wazazi walikuwa wamepagawa na mtihani wa darasa la nane, kila mtu anataka mwanawe apite. Walikuja kutoka Mikindani, Port Reitz, Jomvu, hata mama mmoja wa Nyali aliyekuja na gari lake akaliacha mbali asionekane. Mshahara wa Zuberi nikipanga mimi. Nikiamka vizuri nampa vizuri.

Sasa sikilizeni habari ya daftari, maana ndilo lililonimaliza.

Zuberi ndiye aliyelileta. Akaniambia, "Bosi, watu wanaingia hapa kuuliza, wanatoka, hatujui ni kina nani wala wana shida gani. Tuwe na daftari la wageni."

Akanunua kitabu kikubwa chenye jalada gumu jeusi, akakipiga mistari. Kila aingiaye kuuliza, hata kama hatajiandikisha, aliandika jina lake, kazi yake, mtoto yuko darasa la ngapi, sanduku la posta, na mwisho kabisa, shida iliyomleta.

Lo! Hiyo nafasi ya shida! Watu wakishika kalamu wanamwaga kila kitu. Mmoja aliandika mwanawe amerudia darasa la saba mara tatu, naye amewaambia majirani yuko shule ya bweni. Mama mwingine aliandika kwamba ada anailipa kwa pesa za chama cha akina mama, mumewe hajui. Wasiojua kuandika walimnong'oneza Zuberi, naye akawaandikia.

Na kwenye ukurasa wa kwanza Zuberi aliandika kwa ule mwandiko wake wa kulala, mzuri kama umechapwa: "Yaliyomo humu ni amana. Hayatatoka nje ya chumba hiki." Akatia sahihi. Akanipa kalamu nami nikatia yangu.

Mgeni akisita, Zuberi humfungulia ukurasa huo akamwonyesha. Mimi nikiwa kitini nyuma naongeza, "Andika, mama. Hapa ni kaburini." Nao wakiandika! Kwa neno langu!

Asiyerudi, Zuberi alimpelekea barua baada ya wiki chache kumkumbusha. Ndani hakuna shida ya mtu hata moja, salamu tu na siku za masomo. Tena huitia ndani ya bahasha, akailamba, akaibana kwa kidole gumba. Nilimwuliza siku moja mbona anaharibu pesa za bahasha na kadi za posta zipo, rahisi.

Akasema, "Bosi, masanduku haya si yao. Hili la kanisa, hili la duka la Mhindi, hili la kazini. Barua inapita mikono kumi kabla ya kumfika mwenyewe."

Nilimwona mwoga. Kumbe neno lile lilikaa kichwani mwangu, likingoja siku yake.

Mwaka wa tatu, Jumamosi moja adhuhuri, alikuja mtu mrefu, mabega kama mlango. Alisimama nje mpaka wazazi wote wakaondoka, ndipo akabisha hodi.

"Karibu," nikamwambia. "Mtoto yuko darasa la ngapi?"

Akatazama chini. "Mtoto ni mimi, mzee."

Nilitaka kucheka. Zuberi akanikata jicho, akamvutia kiti.

Huyo nitamwita Charo. Kwao ni Kaloleni. Alikuwa amebeba magunia ya kahawa katika godauni moja pale pale Changamwe miaka tisa. Kwa kuwa alikuwa mwepesi wa kuhesabu, walimtoa kwenye magunia wakampa kalamu, awe karani wa kuyahesabu yakiingia na kutoka. Walipomuuliza elimu yake, alisema amemaliza darasa la nane ila cheti kiliungua nyumba ya kwao iliposhika moto. Uongo. Aliishia la tano. Sasa walitaka kumfanya karani mkuu wa godauni, lakini kufikia mwisho wa mwaka alete cheti kingine.

"Mwezi wa kumi na moja nataka kufanya mtihani kama mtu wa nje," alisema. "Nikishika karatasi ile, uongo wangu utakuwa kweli."

Akapewa daftari. Akaandika taratibu, ulimi nje. Alipofika kwenye sanduku la posta akasimama. "Mimi sanduku sina ila la kazini."

"Andika tu," Zuberi akamwambia. "Wewe hatutakuandikia kamwe."

Kwenye shida akaandika: "Najifunza kwa siri. Asilimia na Kiingereza. Kazini wasijue."

Basi akawa anakuja jioni, anaketi benchi la nyuma na watoto wa miaka kumi na tatu, magoti yamemfika kidevuni. Watoto wakimwita Mjomba. Alikuwa na adabu! Akinikuta hunipa shikamoo hali tunakaribiana umri.

Mambo yakaenda, mpaka Zuberi alipokuja kuniomba nusu.

"Nusu ya nini?" nikamuuliza.

"Nusu ya tuisheni, bosi. Mimi ndiye ninayefundisha."

"Na benchi unalokalia ni la nani?"

Mwisho wa mwezi akaniachia ufunguo mezani. Jumatatu yake nasikia amefungua tuisheni yake ng'ambo ya barabara, kando ya mashine ya kusaga unga. Na wanafunzi wangu, mmoja mmoja, wakaanza kuvuka barabara.

Ndugu zangu, damu ilinichemka! Mtu niliyemsamehe kodi! Nikamfuata kwenye hoteli ya mahamri alipokuwa akinywa chai, watu wamejaa.

"We Zuberi! Mimi nilikuokota barazani!"

"Kweli, bosi," akasema, hata kikombe hakukiweka chini. "Na barazani ndiko nilikokuwa nikifundisha kabla hujaja."

Watu wakaguna.

"Watoto hao ni wangu! Majina yao yamo kwenye daftari langu!"

"Basi wasome majina yao, bosi. Ila polepole, kidole kisije kikachubuka."

Wallahi, hoteli nzima ilivunjika mbavu! Maana ni kweli, mimi nikisoma natembeza kidole chini ya maneno. Nilidhani hakuna aliyewahi kuona. Mpika chapati alicheka mpaka akashika ukuta. Nilitoka pale nikaona barabara yote inacheka, hata mbuzi.

Sikulala njaa siku ile, nilikula kisasi. Nikakaa nacho. Nikakipika.

Nikapata shauri ambalo niliona shetani mwenyewe angenipa mkono. Niliwahesabu waliovuka barabara na wale ambao mabenchi yao yalikuwa matupu: ishirini na saba. Nikanunua posta kadi ishirini na saba, zile za wazi, zisizo na bahasha, na stempu zake. Kadi na stempu shilingi tatu, jumla shilingi themanini na moja. Nikafungua daftari, nikatembeza kidole, nikaanza kunakili.

Kila kadi niliandika shida ya mtu kama alivyoiandika yeye. Chini yake: "Kutoka kwa mwalimu wako." Jina sikuweka. Kwa nini niweke? Mwalimu wao sasa ni nani? Si Zuberi? Watu watasema Zuberi ndiye anayemwaga siri zao, watampiga mawe, watarudi kwangu wakilia. Hapo mwasemaje? Darasa la nne hilo!

Mke wangu alinikuta mezani, kadi zimetapakaa. Akachukua moja akaisoma. Yeye amefika la saba.

"Baba Fulani, hizi ni siri za watu."

"Na vyumba ni vyangu."

"Uliwaambia hapa ni kaburini. Wewe ushaona kaburi linatuma kadi?"

"Nenda kapike, mama."

"Chakula kipo tayari. Lakini ukitaka kumpiga Zuberi si umpige? Mbona unamrushia wake za watu na watoto wa watu?"

Nilimkemea akaondoka. Laiti ningemsikia! Laiti!

Nikafika kwenye jina la Charo. Wiki ya pili ile benchi lake lilikuwa tupu. Naye kavuka, nikasema moyoni. Naye, pamoja na shikamoo zake!

Hapa ndipo pananichoma mpaka leo, kwa hiyo nitasema wazi. Nilisoma maneno yake. Nilitembeza kidole changu chini ya "Kazini wasijue," neno kwa neno. Na sanduku la posta lililoandikwa pale nilijua ni la wapi. Sikukosea kwa kutojua. Nilikumbuka yale ya mikono kumi, nikatabasamu. Nikaandika: "Charo, wewe mtu mzima huna cheti, uliishia la tano, unakaa na watoto kujifunza asilimia. Kazini wasijue. Kutoka kwa mwalimu wako."

Nikazipeleka posta mwenyewe. Karani akaisoma ya juu, akanitazama, akaigeuza uso chini kama mtu anayefunika chungu. Mimi nikatoka napiga mluzi.

Na nikiri tena: wiki ile nilifurahi. Nilikuwa nikiketi barazani kwangu natazama wazazi wakimiminika kwa Zuberi na kadi mkononi, wakipiga kelele. Mama wa pesa za chama alikuja analia, ushungi mkononi. Nikaagiza kahawa. Nikaagiza na kashata! Nilisema, mpigeni, mpigeni huyo msomi!

Hawakumpiga.

Zuberi alichukua kadi moja, akaisoma kimya. Akachukua chaki, akaandika ubaoni maneno yale yale, kwa ule mwandiko wake wa kulala. Kisha akaishika kadi kando ya ubao.

Ndugu zangu, katika akili zangu zote, mwandiko sikuufikiria! Mtu aliyesoma angefikiria. Mimi herufi zangu zinasimama moja moja kama vigingi vya mbuzi, na kalamu naikandamiza mpaka karatasi inatoboka. Watoto wao walikuwa wameutazama mwandiko wa Zuberi ubaoni miaka mitatu.

Mama mmoja akafungua kibeti, akatoa risiti ya ada. Risiti nikiandika mimi. Akaiweka juu ya kadi.

"Hee," akasema. "Kumbe kaburi lina mikono!"

Wote wakageuka wakatazama ng'ambo ya barabara. Mimi niko barazani na kikombe cha kahawa. Sijapata kutazamwa vile. Hakuna aliyenitukana, na hilo ndilo lililonitisha. Wakaondoka kimya, mmoja mmoja, kila mtu amefumbata kadi yake kiganjani.

Toka siku ile daftari likafa. Akija mgeni, nampa kalamu, anatazama kile kitabu cheusi kama kitamwuma. "Nitarudi," anasema. Hakurudi mtu. Mmoja alikubali kuandika, nikafurahi. Alipotoka nikatembeza kidole. Alikuwa ameandika jina langu mimi! Kazi: kuuza maji. Shida: hajui kusoma bila kidole.

Nikapiga moyo konde. Nikasema watasahau. Yuko wapi wa kunitisha mimi!

Jumapili moja baada ya alasiri nasikia hodi. Ni Charo. Amenyolewa kichwa chote, amefuatana na mzee mmoja, mjomba wake.

"Shikamoo, mzee," akasema Charo.

Mnasikia? Alinipa shikamoo!

"Marahaba. Umerudi? Zuberi amekufukuza?"

"Zuberi sijamwona. Nilikuwa Kaloleni. Nilimzika mama."

Benchi lile tupu! Mtu alikuwa matangani kwa mamake, mimi nikamhesabu mhaini!

Mjomba wake akasema, "Amerudi kazini juzi. Kadi yako, maana mtaa mzima unajua ni mkono wako, ilikuwa imebandikwa kwenye ubao wa matangazo, pale wanapopiga kadi za asubuhi. Makuli wameisoma, madereva wameisoma. Aliyekuwa hajui kusoma alisomewa. Meneja akamwita."

"Akasemaje?"

Charo akajibu mwenyewe. "Akaniuliza, haya ni kweli? Nikasema ni kweli. Akanipa barua."

Sasa tazameni ubaya wa moyo wangu. Badala ya kuomba radhi nikajitetea! Nikasema, "Sasa mimi kosa langu nini? Nimesema uongo?"

"Hukusema uongo," akasema Charo. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Uongo ningeukana, mzee. Ungeniita mwizi, ningekwenda kwa meneja nikaapa. Wewe ulitoa kweli yangu, ile niliyokupa mkononi uniwekee. Kweli yangu nitaikana vipi?"

Nikaishia kuwavutia viti. Mimi! Mdomo wangu wote ule!

"Ilibaki miezi mitatu," akasema. "Miezi mitatu tu, nami ningekuwa mtu mkweli."

Mjomba akataka twende mbele ya watu. Tukaketi kibarazani kwangu mwenyewe Jumapili ya pili: imamu wa mtaa wetu, mzee wa mtaa, mjomba, Charo na mimi. Daftari likaletwa. Imamu akafungua ukurasa wa kwanza, akasoma kwa sauti ule mstari wa amana. Akaniuliza, "Sahihi hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Ulilazimishwa?"

"Hapana."

Akalifunga. "Mimi sina zaidi."

Wakakata shauri nimlipe Charo mshahara wa mwaka mmoja, maana mtu akishafukuzwa kwa cheti godauni moja, habari inatangulia kwenye magodauni mengine yote. Mshahara wake ulikuwa shilingi elfu mbili mia tatu na themanini kwa mwezi. Kulipa taslimu, mwisho wa mwezi.

Pesa zangu zilikuwa kwenye mawe na mabati. Mikokoteni nilishaiuza zamani niwe mtu wa elimu. Kilichobaki cha kuuzika upesi ni mabenchi, mbao, meza, na kibao cha nje. Na katika Changamwe nzima mtu mmoja tu ndiye alikuwa na haja ya mabenchi.

Naam. Nilivuka barabara mwenyewe.

Nisiwadanganye kwamba nilikwenda na moyo mweupe. Nilikwenda nikimchukia, na mpaka leo ninavyoandika namchukia! Kila asubuhi nasikia watoto wakiimba mara mbili, mara tatu, kwenye mabenchi yangu, na jino linaniuma. Kile kidole alichokitangaza hotelini sijakisamehe wala sitakisamehe. Lakini chuki yangu ni yangu na yake. Charo hakuwamo.

Zuberi akapita akayagonga mabenchi kwa kifundo cha kidole kama anunuaye nazi. Hakuvuta bei chini. Ingekuwa afadhali angevuta!

Nikamwambia, "Na daftari? Lina majina ya watu mia nne na zaidi. Hilo ni mali kuliko mabenchi."

Akanitazama, bwana, kama ananitazama mara ya kwanza.

"Bosi, mabenchi nitachukua. Daftari si lako kuliuza, wala si langu kulinunua."

Mwisho wa mwezi Charo akaja kuchukua pesa zake. Mke wangu akamwekea chai. Hakuinywa. Akazihesabu zile noti upesi upesi, kwa ule mkono wake wa karani, akazitia mfukoni.

"Mtihani utafanya?" nikamuuliza.

"Wa nini?"

"Ujaribu mwakani."

"Mzee, nimerudi kubeba magunia, kwa kutwa. Yule anayeyahesabu sasa ni kijana niliyemfundisha mimi. Anahesabu vibaya, namsahihisha nikiwa na gunia mgongoni."

Kisha akaomba daftari. Nikadhani atalichoma, nami nilitamani alichome. Akalifungua akatafuta, naye alitembeza kidole. Nilikiona! Kidole kile kinene, kikishuka pole pole chini ya majina ya watu mpaka kikasimama kwenye lake.

Nikasema, "Chukua ukurasa wote. Chana."

"Hapana. Humu mna watu wengine."

Akamwomba mke wangu mkasi. Akakata mstari wake mmoja tu, mwembamba kama utepe, hakugusa wa juu wala wa chini. Nyuma ya mstari huo palikuwa patupu, alitazama kwanza. Akaukunja akautia mdomoni, akautafuna, akaumeza mbele yangu. Akasimama.

"Haya mengine yafungie, mzee," akasema. "Si yangu."

Akaniaga. Kwa shikamoo!

Daftari lile sasa limo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na ufunguo anao mke wangu. Mimi hata kuuomba siombi.

Basi nawaambia ninyi wenye madaftari. Wewe wa zahanati, wewe wa duka, wewe wa shule, wewe unayeandikisha watu posa na mikopo na maombi ya kazi. Mtu akikuandikia jina lake na jambo lake amekukopesha uso wake. Usimuuzie mtu, usimwonyeshe mtu, usilitoe ukiwa na hasira. Na kama una adui, mpige kwa ngumi zako wewe! Mfuate hotelini umwage chai yake! Lakini usimpige kwa siri za watu waliokuja kwako na shida zao, maana ngumi hiyo haijui kulenga.

Mimi niliyekuwa sishtuki nashtuka kila nikiona mtu wa posta na mkoba wake.

Na kwa wale watakaouliza, kwa kuwa najua mtauliza, hesabu yangu ni hii: mshahara wa Charo wa miezi kumi na miwili, pamoja na kadi ishirini na saba na stempu zake. Shilingi elfu ishirini na nane, mia sita na arobaini na moja.